Kambale wale wale, sindano ile ile, mbona baridi ikiingia vifaranga vinapungua?

Mkuu asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuweka namba maana wengi huandika tu "mayai hayatotoi" halafu basi. Kwa wengine wanaosoma niliweke kwa kifupi: ndugu yetu ana kituo kidogo cha kuzalisha vifaranga vya kambale, na pembeni ana sato kidogo. Wazazi wake hawakutoka mtoni, wamezaliwa na kukulia hapo hapo kituoni. Miezi ya joto anapata utotoaji wa asilimia 75 hadi 80, baridi ikiingia inashuka mpaka 25 au 30, na hivyo vinavyotoka vingine vimepinda mgongo. Homoni anayowachoma majike ili waachie mayai ni ile ile, dozi ile ile ya nusu mililita kwa kilo, na anakamua mayai masaa 10 baada ya sindano mwaka mzima. Anauliza kama homoni imekuwa feki, kama aongeze dozi, na kama samaki aliyezaliwa kwenye tangi ana msimu kweli au hilo ni la samaki wa mtoni tu. Mwishoni anasema anafikiria kuuza majike wote aanze upya.

Naanza na hilo la msimu maana ndo limebeba mengine yote. Ndiyo, ana msimu. Kuzaliwa kwenye tangi hakumfuti samaki ubongo wake. Ubongo wa samaki unasoma joto la maji, urefu wa mchana, chakula anachopata, hali ya maji yenyewe, na kwa kusoma hivyo ndo unaamua kama huu ni wakati wa kutengeneza mayai au ni wakati wa kubana matumizi ya mwili. Trauti, samaki wa maji ya baridi, kwa mfano, hata akiwekwa ndani kwenye mwanga usiobadilika mwaka mzima bado anaendelea kukomaa kwa mzunguko unaokaribia mwaka, yaani saa iko ndani yake mwenyewe, mwanga wa nje kazi yake ni kuirekebisha tu. Ndo maana wafugaji wa trauti wanachezea taa, wanarefusha na kufupisha "mchana" wanapata mayai miezi ambayo kwa kawaida yasingekuwepo. Kambale wako yeye hategemei sana mwanga, yeye kwake kubwa ni joto na mvua. Uholanzi walifuga kambale hawa hawa ndani ya majengo, maji nyuzi 25 mwaka mzima, na majike walikuwa na mayai yaliyokomaa miezi yote. Ukiwaweka kwenye bwawa la nje ambalo maji yanapanda na kushuka, mfuko wa mayai nao unapanda na kushuka. Kwa hiyo kwa kambale msimu uko kwenye maji, hauko kwenye kalenda, na hii ni habari njema kwako kwa sababu maji unaweza kuyafanyia kitu.

Sasa hapa naomba usome taratibu kidogo, kwa sababu wengi tunaangalia siku ya sindano wakati tatizo lilishatokea wiki nyingi nyuma.

Yai la samaki halitengenezwi siku ya kukamua. Ubongo unatuma homoni kwenye tezi ya pituitari, pituitari nayo inatuma homoni kwenye ovari, yaani mfuko wa mayai, ovari inatoa estrojeni, estrojeni inaenda mpaka kwenye ini, na ini ndo linapika protini inaitwa vitelojenini ambayo inasafiri kwenye damu na kuingia kwenye yai kidogo kidogo. Hiyo ndo akiba ya chakula ambayo kifaranga kitaitumia siku za mwanzo kabla hakijafungua mdomo. Kazi hii inachukua wiki, siyo masaa. Na inategemea joto, maana ini la samaki linafanya kazi kwa mwendo wa maji yaliyomzunguka. Inategemea na chakula pia, maana ini haliwezi kupika kitu ambacho samaki hajala. Yai likishajaa ndo linasimama kusubiri amri ya mwisho, ambayo kwenye asili inakuja na mvua na maji mapya, na kwako inakuja na sindano.

Sindano kazi yake ni hiyo amri ya mwisho tu. Inaamsha pituitari, na hizi homoni za kutengenezwa zina na dawa ya kuzuia dopamini, kwa sababu kwa kambale na jamii ya karpu dopamini ndo breki inayozuia homoni ya kutaga isitoke. Lakini haiongezi hata tone la akiba ndani ya yai. Sindano ni mkunga, na mkunga hata awe hodari vipi mimba ya miezi mitano hawezi kuifanya iwe ya miezi tisa.

Kwa hiyo kuhusu homoni feki, jiulize swali moja rahisi: majike wanatoa mayai? Kama muda ukifika ukimpapasa tumbo kidogo tu mayai yanatiririka yenyewe, basi homoni imefanya kazi yake, haijalishi baadaye yametotoa au hayajatotoa. Homoni mbovu dalili yake ni majike wengi walioiva wanabaki wamefunga kabisa, na hilo linatokea hata kwenye miezi ya joto. Wewe joto unapata asilimia 80 kwa homoni hiyo hiyo. Angalia tu unavyoitunza, kama maelekezo yanasema iwekwe kwenye ubaridi iweke kwenye ubaridi, na tarehe ya mwisho isome, lakini mi sioni kama hapo ndo penye ugonjwa. Na kuongeza dozi usiongeze. Dozi kubwa kwa jike ambaye hajaiva unachofanya ni kulazimisha mayai mabichi yatoke, na mayai mabichi hayo ndo yale yanatoka na maji maji na damu, unayakamua kwa nguvu mpaka mkono unauma, yanarutubishwa machache, na hata machache hayo hayafiki mbali.

Ila kuna kitu kimoja kwenye maelezo yako kimenishtua kuliko vyote. Unakamua masaa 10 mwaka mzima.

Mkuu, muda kutoka sindano mpaka mayai kuachia unaamuliwa na joto la maji. Kwa kambale, maji ya nyuzi 30 ni kama masaa 7. Nyuzi 28, masaa 8. Nyuzi 25, masaa 11. Nyuzi 24, masaa 12. Nyuzi 22 unakaribia masaa 15 na nusu, na nyuzi 20 unafika masaa 21. Angalia hapo mara mbili. Masaa 10 yako ni sahihi maji yakiwa nyuzi 26. Kwenye baridi maji yakiwa 21 unatakiwa kusubiri kama masaa 18, wewe unamkamua masaa nane kabla. Mayai bado yameshikilia kwenye ovari, unayang'oa. Na usije ukafikiri joto ndo uko salama, siku maji yakiwa 30 mayai yameachia saa ya saba, kuanzia hapo yako tumboni yanachuja, wewe unafika saa ya kumi. Mayai yaliyoachia yakikaa tumboni kwenye maji ya joto yanapoteza nguvu ndani ya masaa machache. Trauti kwenye maji ya nyuzi 10 hivi anaweza kukaa nayo wiki na bado yakawa mazima, kambale kwenye joto hana nafasi hiyo. Inawezekana kabisa ile 80 yako ya miezi ya joto ingekuwa 85 au 90 kama ungefuata joto badala ya saa.

Af hilo joto lipime kwenye tangi ambalo jike anasubiria, siyo bwawani, na siyo mara moja. Watu wengi wanachoma sindano jioni, saa 12 unapima unakuta 25, unalala, alfajiri saa 11 maji yameshafika 21. Hesabu ya 25 tayari imeshakudanganya. Pima jioni, pima usiku wa manane, pima alfajiri, chukua wastani. Au vizuri zaidi weka hita ndogo kwenye tangi la kusubiria maji yasicheze, maana tangi hilo ni dogo na ndo sehemu rahisi kuliko zote kulidhibiti.

Hilo peke yake naamini litakurudishia sehemu ya hasara, lakini siyo yote. Kwa sababu hata ukisubiri masaa 18 sawasawa, jike aliyekaa miezi miwili kwenye maji ya nyuzi 19, 20, anakula kidogo, hana mayai ya maana ya kuachia. Na hapa ndo nataka uanze tabia ya kumkagua kabla ya kumchoma, siyo kwa kuangalia tumbo tu. Tumbo linadanganya, kambale aliyeshiba au mwenye mafuta tumboni anaonekana kaiva.

Fanya hivi. Chukua mpira mwembamba laini, ule mrija mdogo wa hospitali, ingiza taratibu kwenye tundu la uzazi, vuta kidogo kwa sirinji upate mayai 20 au 30. Yaweke kwenye kisahani chini ya mwanga mzuri. Mayai ya kambale aliyeiva yana upana wa kama milimita moja, unaweza kupanga kumi kwenye rula yakafika sentimita moja bila hata maikroskopu. Yanakuwa ya rangi moja, hudhurungi au kijani iliyofifia, yanaachana moja moja hayagandani, na muhimu kuliko yote yanalingana. Ukikuta mchanganyiko, makubwa, ya kati na madogo meupe, huyo bado. Ukikuta mengine yamebonyea, yana mabaka meupe, umbo limepinda, na majimaji yenye rangi ya maziwa, hayo yanafyonzwa. Mwili umeona hali siyo nzuri ukaamua kurudisha akiba yake, na mayai yaliyoanza kufyonzwa hayarudi, huyo jike mrudishe bwawani ale vizuri mpaka atengeneze mengine.

Ukitaka kwenda hatua moja mbele tengeneza dawa ya kung'arisha mayai: pombe ya asilimia 70 sehemu 6, formalini sehemu 3, asidi ya asetiki sehemu 1. Vaa glavu, fanyia sehemu yenye hewa, formalini siyo ya kuchezea. Tumbukiza mayai humo dakika chache yanakuwa angavu na unaona kile kidoa cha nukliasi ndani. Kwa samaki wengi nukliasi ikiwa imeanza kusogea pembeni ndo dalili ya kuiva. Kwa kambale inaweza kuwa bado iko karibu na katikati kabla ya sindano na bado akawa sawa, kwa hiyo kwako ukubwa na kulingana kwa mayai vikae mbele, nukliasi iwe ushahidi wa ziada.

Sasa madume. Naona kwenye maelezo yako yote hujawataja hata mara moja, na hili nakutana nalo sana, jike ndo anabeba lawama zote wakati dume naye ana msimu. Kambale dume hakamuliki kama karpu, inabidi umpasue utoe korodani, kwa hiyo una bahati ya kuziona kwa macho. Korodani nzuri zimejaa, nene, rangi ya krimu, ukikata unaona maziwa yanatoka. Za dume wa baridi mara nyingi nyembamba, kijivu au zinaonyesha, ukikata yanatoka majimaji mepesi. Ukikuta hivyo usizilazimishe eti kwa sababu umeshampasua. Zikatekate kwenye maji ya chumvi, gramu 9 kwenye lita moja ya maji safi, humo mbegu zinatulia haziamki. Chukua tone weka kwenye maikroskopu, ongeza tone la maji ya kawaida uangalie haraka, zinaamka na kukimbia kwa kama dakika moja hivi basi zinaisha. Kama zinazokimbia ni nyingi sana kuliko zilizolala uko vizuri. Kama nusu zimelala tu, umepata jibu lako bila kumlaumu jike wala homoni. Na hiyo dakika moja ikukumbushe kitu kingine, mbegu na mayai vichanganywe vikavu kwanza, halafu ndo maji yafuate, maana maji yakishaingia muda unakimbia, na tundu la yai nalo linaziba upesi.

Kuna jaribio dogo ambalo ningekuomba ulifanye mzunguko ujao, halikugharimu chochote zaidi ya bakuli. Chukua mayai ya jike mmoja gawa bakuli mbili, moja tia mbegu za dume A, nyingine mbegu za dume B. Jike wa pili fanya hivyo hivyo kwa madume hao hao. Bakuli nne. Kama jike wa kwanza anafeli kwa madume wote wawili, tatizo ni mayai yake. Kama dume B anafeli kwa majike wote wawili, ni yeye. Kama zote nne zimefeli sawa, acha samaki angalia maji ya kutotoleshea na muda wako wa kukamua. Watu wanahangaika miaka kwa kitu ambacho bakuli nne zinakijibu kwa siku mbili.

Na unapohesabu tenganisha vitu vitatu ambavyo naona wewe umevichanganya: mayai yaliyorutubishwa, mayai yaliyototoa, na vifaranga vilivyo na umbo zima. Yaliyokufa yanageuka meupe kama chaki, yahesabu baada ya masaa 10 au 12 kwenye maji ya joto, baridi subiri zaidi, ukihesabu mapema sana unadanganyika maana hata yai ambalo halikurutubishwa linaonekana zima mwanzoni. Urutubishaji ukiwa chini, fikiria mbegu na muda wa kukamua. Urutubishaji uko juu lakini utotoaji uko chini, fikiria ubora wa akiba ndani ya yai na maji ya kutotoleshea. Vinatotoa vizuri lakini vimepinda, fikiria mayai yaliyochuja au kulazimishwa, lishe ya wazazi, na joto linalopanda na kushuka wakati mayai yanaendelea kukua. Hili la mwisho kwenye baridi ni kubwa sana. Yai la kambale kwenye nyuzi 30 linatotoa chini ya siku moja, kama masaa 20, kwenye nyuzi 20 linachukua karibu masaa 57. Hayo masaa 57 yana usiku mbili au tatu za baridi ndani yake, na ukungu unapata muda wote huo kutoka kwenye mayai mafu kwenda kwenye mazima. Ukungu haui tu mayai mabovu, unafunika na majirani. Toa meupe mapema.

Tukirudi kwenye wiki za nyuma, maana huko ndo kwenye kazi. Kosa la kawaida ni kupasha moto maji ya kutotoleshea peke yake huku wazazi wako nje wanaganda. Pasha wazazi. Wiki sita kabla ya siku unayotaka kukamua, chagua majike na madume utakaowatumia walete kwenye tangi la ndani au lililofunikwa na nailoni, pandisha joto taratibu, nyuzi moja kwa siku inatosha, mpaka ufike 26 hadi 28, halafu washikilie hapo. Usimtoe samaki kwenye 19 ukamtupia kwenye 27 siku hiyo hiyo, mshtuko huo unapandisha kotiso, homoni ya msongo, na kotiso ikikaa juu inazima ile njia yote ya ubongo mpaka ovari niliyoieleza juu. Kwa hiyo hata kushika shika wazazi kila siku kuwaangalia, kuwabana wengi kwenye tangi moja, madume kupigana, vyote hivyo vinakula mayai yako. Kama huna uwezo wa kupasha maji basi bwawa lenye kina zaidi linapunguza kushuka kwa usiku, na kufunika juu kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Chakula. Baridi samaki anakula kidogo, mfugaji anaona anakula kidogo anapunguza na ubora pia, anampa mabaki, na hapo ndo yai linakosa kila kitu. Mpe kidogo lakini kizuri. Protini asilimia 35 hadi 40, mafuta ya samaki yawemo kwa sababu zile asidi za mafuta ambazo kifaranga kinazihitaji kujenga ubongo na macho zinatoka humo, na vitamini C na E. Chunguza sana uhifadhi, maana vitamini C kwenye chakula kilichokaa inapotea, mafuta yanachacha kwenye joto, na msimu wa unyevu chakula kinaota ukungu wa aflatoksini ambao unashambulia ini. Na kumbuka ini ndo jiko la vitelojenini. Mtu anaweza kuwa na joto zuri, madume wazuri, muda sahihi, halafu akaangushwa na gunia la chakula lililokaa sakafuni. Ila pia usiwanenepeshe, jike aliyejaa mafuta tumboni mayai yanakosa nafasi na kukamua kunakuwa kugumu.

Upande wa joto kali nao usiusahau kwa sababu siyo kwamba kadiri maji yanavyopanda ndo vizuri zaidi. Tasmania, kisiwa cha Australia ambako wanafuga samoni, walikuta majike wakipitia maji ya nyuzi 18 hadi 22 kipindi wanajaza mayai, estrojeni inashuka, vitelojenini inashuka, na mayai yanatoka mabaya. Samoni ni samaki wa baridi kwa hiyo namba siyo za kambale, lakini njia ni ile ile, kila samaki ana dari yake. Na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9.1 kwa lita, kwenye 30 inabaki 7.6 tu, na hiyo ni kabla uchafu na mwani wa usiku haujachukua chao. Hong Kong waliweka karpu kwenye maji yenye oksijeni kidogo kwa wiki kadhaa, utafiti ulitoka mwaka 2003, homoni za uzazi zilivurugika, mbegu zikapoteza kasi, na utotoaji ukashuka. Kambale wako mkubwa anapumua hewa ya juu kwa hiyo hutamwona akilalamika, lakini yai haliwezi kupanda juu kuvuta hewa.

Sato ni habari nyingine kidogo, yeye humchomi sindano, anataga na kutunza mdomoni, maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30 jike mmoja anaweza kurudia kila baada ya wiki tatu nne. Yakishuka chini ya 22 anapunguza, chini ya 20 karibu anaacha kabisa. Kwa hiyo kwake baridi unaiona kwenye idadi ya majike wenye mayai mdomoni zaidi kuliko kwenye asilimia ya kutotoa. Tumia miezi hiyo kuwapumzisha, tenga majike na madume, walishe vizuri, maji yakipanda uwaunganishe kwa pamoja wataanza karibu wakati mmoja na utapata vifaranga vya umri mmoja.

La mwisho, kuuza majike wote. Usiuze. Ungekuwa na tatizo la damu, yaani wazazi wamezaliana ndugu kwa ndugu mpaka wakadhoofika, ungeliona mwaka mzima, lisingejificha miezi ya joto na kutokea baridi. Samaki anayekupa asilimia 80 kwenye joto hana shida hiyo, angalau siyo kwa ukubwa unaoogopa. Lakini jambo lenyewe lipo na ni la kweli, Oregon huko Marekani, kwenye mto Hood, watafiti walifuatilia trauti wa baharini waliofugwa vituoni na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba uwezo wao wa kuzaa wakirudishwa mtoni ulishuka kama asilimia 40 kwa kila kizazi kinachopitia kituoni. Hiyo ni kuzaa kwenye mto, siyo kwenye tangi, usiichukue kama ilivyo, ila inaonyesha jinsi vizazi vichache tu vya kituo vinavyombadilisha samaki. Kwa hiyo badala ya kuuza wote, ingiza madume kutoka kituo kingine ambacho hakina undugu na wako, na acha kuchagua wazazi wapya kutoka kwenye mzao wa jike mmoja aliyefanya vizuri.

Wa kuondoa ni wale ambao kwa mizunguko miwili ya joto, waliokaguliwa kwa mrija, wakakamuliwa kwa muda sahihi, bado mayai yao yanafeli kwa madume wawili tofauti. Ili uwajue inabidi kila jike awe na alama na daftari lake: tarehe, joto la jioni na alfajiri, upana wa mayai, masaa mpaka kuachia, dume gani, waliorutubika, waliototoa, waliopinda. Na jike ukishamkamua mpe wiki 6 hadi 8 kwenye maji ya joto kabla hujamgusa tena, baridi mpe zaidi, na kabla ya kumrudisha kwenye sindano mpime tena mayai yake kwa rula.